Maabara isiyo na mwakenya: Vijidudu vya maziwa, udongo na tumbo viingie darasa la digrii

Hebu kumbuka praktikali yako ya Biolojia kwenye KCSE. Uliletewa kimiminika kimeandikwa herufi moja tu, ukaambiwa ukipime. Ukadondosha iodini, kikageuka bluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Wanga upo. Ukaandika jibu, ukatoka nje kuwauliza wenzako wamepata nini.

Sasa sema ukweli. Kwenye chumba kile, ni nani hakujua jibu? Mwalimu alilijua, maana yeye ndiye aliyekoroga unga kwenye maji asubuhi hiyo akifuata maagizo. Waliotunga mtihani walilijua. Hata wewe ulishabahatisha, kwa sababu tangu Jumatatu shule nzima ilikuwa ikinong'onezana kuhusu vitu vilivyoonekana vikiingizwa maabara.

Ukaingia chuo kikuu ukidhani mambo yatabadilika. Mwaka wa kwanza ukapewa ngozi ya kitunguu uitazame kwa hadubini. Mwaka wa pili ukapaka bakteria rangi, wale wale waliopakwa rangi na darasa lililokutangulia. Ripoti ukaiazima kwa komredi wa mwaka wa tatu, ambaye naye aliazima kwa aliyehitimu zamani. Ukabadilisha jina na nambari ya usajili, basi. Takwimu zikabaki zilezile.

Usijilaumu sana. Kama jibu linajulikana kabla hujavaa koti jeupe, kuna haja gani ya kulitafuta? Praktikali ya aina hiyo inaalika mwakenya.

Lakini kuna praktikali ambayo huwezi kuibia. Si kwamba wasimamizi wake ni wakali. Ni kwamba hakuna mtu yeyote, hata profesa aliyesimama mbele yako, ambaye tayari ana jibu. Mojawapo ya njia rahisi za kuileta darasani ni kupitia viumbe wadogo wanaoishi kwenye maziwa ya bibi yako, kwenye shamba la maharagwe, na humo tumboni mwako unaposoma makala haya.

Biringanya lililooza Durban

Tuanze na kisa kilichotokea hapa hapa Afrika.

Mwaka 2010, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwenye kozi ya utafiti katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, jijini Durban, alitumwa kazi ambayo mama yako angeishangaa: nenda nje, tafuta mahali penye uozo, ulete sampuli. Alicholeta ni uchafu kutoka upande wa chini wa biringanya lililokuwa likioza.

Ndani yake kulikuwa na faji. Hiki ni kirusi kinachovamia bakteria na kuwaua. Seli zako hakina haja nazo. Kinaingia ndani ya bakteria, kinajizalisha humo, kisha kinampasua. Kwenye kozi kama hiyo, aliyeipata faji ndiye anayeipa jina. Huyu aliiita Muddy.

Jina likaandikwa kwenye orodha, faji ikahifadhiwa, na maisha yakaendelea.

Miaka minane baadaye, mwaka 2018, msichana wa miaka 15 alikuwa hali mahututi jijini London. Alikuwa amepandikizwa mapafu, kisha akavamiwa na Mycobacterium abscessus, bakteria aliye na undugu na yule wa kifua kikuu. Antibiotiki zilikuwa zimegonga mwamba.

Upande wake wa matibabu ukamtafuta Graham Hatfull, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani. Kwa nini yeye? Kwa sababu jokofu zake zilikuwa na maelfu ya faji zilizokusanywa kwa miaka mingi, nyingi zikiwa zimepatikana na wanafunzi wa kozi za mwanzo chuoni.

Faji zikajaribiwa dhidi ya bakteria wa yule msichana, na tatu zikachaguliwa. Mbili zilihitaji kufanyiwa marekebisho ya jeni kwanza ili ziue vizuri. Muddy haikuhitaji chochote. Ile ya biringanya ilikuwa tayari kwa kazi.

Vidonda vya msichana vikaanza kufunga, hali ya ini ikapata nafuu, akaruhusiwa kutoka hospitalini huku matibabu yakiendelea. Kisa chake kilichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Medicine.

Tusitie chumvi. Mgonjwa mmoja hatoshi kuthibitisha dawa, na faji bado hazijachukua nafasi ya antibiotiki. Ila zingatia jambo hili: bila ile kozi, uchafu wa biringanya lile ungefagiliwa na kutupwa jalalani, na hakuna ambaye angejua kilichokuwamo.

Hatfull na Taasisi ya Howard Hughes ya Marekani walianzisha mpango wa SEA-PHAGES mwaka 2008, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo, hutafuta faji yake mwenyewe, huiona kwa hadubini ya elektroni na kusoma DNA yake. Utafiti kuhusu mpango huo uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopitia kozi hiyo waliendelea na masomo hadi mwaka wa pili kwa kiwango cha juu kuliko wenzao.

Huhitaji profesa akueleze sababu. Mtu hatoroki darasa ambamo kuna kitu alichokipa jina yeye mwenyewe.

Kwani maikrobayomu ni nini?

Ni jamii nzima ya viumbe wadogo wanaoishi mahali fulani pamoja na jeni zao: bakteria, kuvu, virusi na wengineo. Tumbo lina maikrobayomu yake. Ngozi ina yake. Udongo wa Kitale, maji ya Ziwa Bogoria na tumbo la mbu, kila kimoja kina yake.

Pengine umewahi kusikia kwamba bakteria wa mwilini mwako wanazidi seli zako mara kumi. Hiyo ilirudiwa vitabuni miaka na mikaka. Mwaka 2016 watafiti walikaa chini wakapiga hesabu upya. Kwa mtu mzima wa kawaida walipata takriban seli trilioni 30 za binadamu na bakteria trilioni 38. Kwa hivyo mnakaribia kutoka sare, nao wanaongoza kidogo.

Umeona? Hata jambo lililo kitabuni linaweza kuwa halijapimwa vizuri. Mwanafunzi anapaswa kulijua hilo mapema, kabla hajaanza kuamini kwamba sayansi ni kukariri.

Na viumbe hawa hawakai bure. Wanasaga chakula ambacho tumbo lako haliwezi kukisaga. Wanagombania nafasi na wale wa kuleta maradhi. Wengine hubadilisha hata hatima ya mdudu anayewabeba.

Mfano uko hapa Kenya. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Jeremy Herren wa taasisi ya icipe walitangaza kiumbe anayeitwa Microsporidia MB, waliyemkuta ndani ya mbu wa aina ya Anopheles arabiensis humu nchini, wakiwemo wa kando ya Ziwa Victoria. Mbu waliombeba hawakukutwa na vimelea vya malaria. Mbu mama humrithisha wanawe, na mbu mwenyewe haonekani kuumia.

Fikiria ni vizazi vingapi vya watoto wa Mbita, Ahero na Mwea vimekuwa vikiwaua mbu hao kwa kofi bila kujua kwamba baadhi yao walibeba kinga ya malaria tumboni.

Ramani ambayo hatumo

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi.

Mwaka 2022, watafiti waliangalia sampuli za maikrobayomu ya binadamu zilizowekwa kwenye hazina za umma duniani. Kati ya zile ambazo asili yake ilijulikana, zaidi ya asilimia 70 zilitoka Ulaya, Marekani na Canada. Marekani pekee, yenye takriban asilimia 4 ya watu wa dunia, ilikuwa na fungu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote.

Maana yake ni hii. Ukisoma mtandaoni kwamba "tumbo lenye afya lina bakteria kadhaa wa kadhaa", mara nyingi hilo ni tumbo la mtu anayekula vitu vingine kabisa, aliyekulia mji mwingine, na aliyemeza dawa nyingine. Si la mtu wa ugali na mrenda. Si la yule wa pilau na mchuzi wa nazi.

Mambo yameanza kubadilika. Mwaka 2025, jarida la Nature lilichapisha utafiti uliohusisha wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini. Wa Kenya walitoka Nairobi. Watafiti walipata jenomu mpya 1,005 za bakteria. Pia waliona kwamba baadhi ya bakteria, kama jamii ya Treponema, hupungua kadiri watu wanavyoishi maisha ya mjini, huku wengine kama Bifidobacterium wakiongezeka.

Elfu moja na tano, kutoka kwa wanawake wasiofika elfu mbili. Bado kuna kaunti ngapi? Kuna vyakula vingapi?

Ukidhani hizi ni hesabu za wasomi tu, twende Kwale.

Watoto wengi wachanga nchini hukosa madini ya chuma, na upungufu wa damu hudhoofisha ukuaji wa mwili na ubongo. Suluhisho moja ni poda ya virutubishi inayotiwa kwenye uji. Watafiti waliwapa watoto wa miezi sita huko Kwale uji wa mahindi wenye poda hiyo kwa miezi minne. Wengine walipata poda yenye chuma, wengine isiyo na chuma.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliwakunisha watu vichwa. Kwa waliopata chuma, bakteria wa kuleta maradhi, wakiwemo aina hatari za E. koli, waliongezeka tumboni, na kukawa na dalili za uvimbe wa utumbo. Ni kwamba chuma hakimlishi mtoto peke yake. Kinacholala tumboni bila kufyonzwa huliwa na vijidudu, na wapo wanaokipenda mno.

Watafiti hawakuishia hapo. Katika utafiti mwingine wa huko huko pwani ya kusini, uliochapishwa mwaka 2017, poda ilichanganywa na sukari maalumu inayowalisha bakteria wazuri. Sehemu kubwa ya yale madhara ilipungua.

Tafadhali usikimbie kumwambia dada yako aache kumpa mtoto chuma. Upungufu wa damu ni hatari, na uamuzi huo ni wa daktari wake. Ninachotaka uone ni hiki: swali la kijiko cha poda kwenye uji wa mtoto wa Kwale halikuweza kujibiwa kwa sampuli za watoto wa Boston. Ilibidi mtu aende Kwale.

Huyo mtu wa kwenda kesho atatoka wapi, kama leo yuko darasani akikopi ripoti ya kitunguu?

Praktikali tatu zisizohitaji mamilioni

Najua unachowaza. "Manze, chuo chetu hata glavu ni za kugawana, wewe unataka tusome DNA?"

Tulia. Si lazima uanzie kwenye DNA.

Ya kwanza ni maziwa. Darasa la Kenya ni hazina ambayo chuo cha ng'ambo hakiwezi kuinunua. Yupo wa Bomet ambaye kwao mursik hugandishwa kwenye kibuyu, sotet, kilichosuguliwa kwa makaa ya senetwet. Yupo wa kutoka Wajir anayeijua suusac ya maziwa ya ngamia. Yupo Mmaasai wa Narok mwenye kule naoto. Na yupo wewe wa Umoja unayeijua lala ya pakiti peke yake.

Kila kundi lichachushe maziwa kwa njia yake, lipime asidi kila baada ya saa chache kwa karatasi za pH, lipake bakteria rangi, liwaoteshe kwenye agari na kuhesabu. Maziwa mabichi huanzia pH ya karibu 6.7 na yakishaganda huteremka hadi kwenye 4. Hiyo inajulikana. Yasiyojulikana ni mengine: je, kibuyu cha miaka kumi na mtungi mpya wa plastiki vinalea bakteria walewale? Makaa yanamfukuza nani na kumkaribisha nani? Mwaka 2004 kulichapishwa uchambuzi wa kule naoto ulioonyesha kwamba Lactobacillus plantarum ndiye aliyetawala. Je, ndiye pia anayetawala kwenye sotet ya shangazi yake yule wa Bomet? Sijui. Mhadhiri wako hajui. Ndiyo raha yenyewe.

Ya pili ni maharagwe. Bakteria wa jamii ya rhizobia huingia kwenye mizizi ya maharagwe, kunde na soya, wakajenga vinundu, wakaanza kunasa naitrojeni kutoka hewani na kumpa mmea. Hiyo ni mbolea ya bure. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza bidhaa ya bakteria hao inayoitwa BIOFIX, ambayo wakulima huipaka kwenye mbegu.

Panda mbegu kwenye mikebe ya udongo kutoka mashamba tofauti: nusu ipake, nusu uiache. Subiri wiki tano au sita. Ng'oa, osha mizizi, hesabu vinundu, kata kimoja kimoja. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Mkebe, wembe na subira ndivyo vifaa. Ila swali la ni shamba lipi kwenye kaunti yenu tayari lina bakteria wake wa kutosha, na lipi halina, lina thamani kwa mkulima anayelia na bei ya mbolea.

Ya tatu ni laptopu. Sampuli nyingi zilizokwisha kusomwa DNA ziko wazi kwa umma. Hazina ya MGnify ya huko Ulaya imezipanga. Programu ya QIIME 2 ni ya bure. Jukwaa la Galaxy linafanya kazi kwenye kivinjari, hesabu nzito zikifanywa na kompyuta za kwao. Mtandao wa H3ABioNet uliwahi kuendesha kozi ya uchambuzi wa 16S kwa madarasa ya nchi mbalimbali za Afrika kwa wakati mmoja, kila darasa likiwa kwao.

Hiyo 16S ni nini? Ni jeni ambayo kila bakteria anayo. Ichukulie kama nambari ya usajili ya matatu: sehemu fulani zinafanana kwa magari yote, sehemu nyingine zinatofautiana. Ukisoma zile zinazotofautiana unajua ni gari la nani. Ila jihadhari. Kuziona matatu zikiwa stejini hakukuambii zinaelekea wapi, wala zimebeba nini. 16S inakwambia ni nani yupo. Haikwambii anafanya nini.

Siku chuo kikipata fedha, kuna mashine za kusoma DNA kama MinION zinazoenea kiganjani na kuchomekwa kwenye laptopu. Lakini mashine bila swali ni pambo. Swali bila mashine linaweza kuanza leo.

Chupa tupu

Kuna jambo moja ambalo kozi ya aina hii hufunza kuliko kitabu chochote, nalo ni uaminifu.

Katika kazi ya maikrobayomu, pamoja na sampuli zako, unatakiwa upitishe chupa ambayo hukutia kitu. Maji safi tu. Inapita hatua zote: inachujwa, inatolewa DNA, inasomwa. Mara nyingi, hata hiyo chupa tupu hutoa bakteria. Wametoka wapi? Kwenye kemikali zenyewe, hewani, kwenye vidole vyako.

Bila ile chupa, ungeandika kwa kujigamba kwamba umegundua kiumbe mpya kwenye maziwa ya ngamia, kumbe ni kiumbe wa bomba la maabara. Watafiti wakubwa wamewahi kunaswa na mtego huo.

Sasa fikiria mwanafunzi aliyezoea kurekebisha takwimu ili zifanane na za kitabu. Anafika hapa, hakuna kitabu. Anachoweza kufanya ni kuandika alichokiona, ikiwemo aibu ya chupa tupu iliyojaa. Akitoka hapo akaajiriwa kupima maji ya mji au damu ya mgonjwa, wewe na mimi tutakuwa salama zaidi.

Ndiyo maana kuleta maikrobayomu darasani bila kubadilisha jinsi ya kutoa alama ni kazi bure. Kama mhadhiri ataendelea kutoa alama kwa "jibu sahihi", wanafunzi watalitengeneza jibu hilo. Alama zitolewe kwa daftari: ulipanga nini, ulifanya nini, kiliharibika nini, na unafikiri ni kwa nini. Kundi ambalo bakteria wake hawakuota lakini likaeleza vizuri sababu linastahili alama kuliko lile lenye matokeo mazuri lisiloweza kuyaeleza.

Vikwazo vipo, tusidanganyane

Darasa lina watu 200 na hadubini 20. Stima inapotea na jokofu linayeyuka. Muhula unakatizwa na mgomo, na bakteria hawajui mgomo, wao wanaendelea kuota. Mhadhiri ana vitengo vinne vya kufundisha na marundo ya kusahihisha.

Yote ni kweli. Lakini tazama: praktikali isiyo na jibu huvumilia msongamano kuliko ile yenye jibu. Watu 200 wakipima kitu kimoja kinachojulikana ni marudio 200 ya bure. Watu 200, kila kundi la watano likileta udongo wa kijiji chake, ni vijiji 40 kwenye jedwali moja. Mwaka ujao, darasa linalofuata linaongeza 40 vingine. Ripoti ya yule komredi wa mwaka wa tatu haiwi tena kitu cha kuibia. Inakuwa sehemu ya kwanza ya utafiti wako, na unamtaja kwa jina.

Na wapo wadogo zako. Hawa wa mtaala wa umilisi wamekua wakitumwa kukusanya majani, kupanda mboga kwenye mikebe na kupiga picha miradi yao, wazazi wakinuna. Watakapobisha hodi chuoni, je, tutawapokea kwa ngozi ya kitunguu?

Lakini usikimbilie choo

Kabla hujachangamka ukaanza kuwaomba wenzako sampuli za choo, simama kidogo.

Sampuli ya mwili wa mtu, hata yako, inabeba habari zake. Inaweza kuonyesha ugonjwa ambao hakutaka ujulikane na darasa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utafiti unaohusu watu unahitaji kupitishwa na kamati ya maadili, na kibali cha NACOSTI. Mwanafunzi asilazimishwe kutoa sampuli ili apate alama. Kwa hivyo mwaka wa kwanza na wa pili, maziwa, udongo na maharagwe vinatosha kabisa.

Pia, usioteshe vijidudu usivyovijua chumbani mwako hosteli. Sahani iliyoota hufungwa, haifunguliwi ovyo, na huchemshwa kwa mvuke wa shinikizo kabla ya kutupwa. Bakteria mmoja asiye na madhara akishakuwa mabilioni, tena kwenye chumba unamopikia, si wa kuchezea.

Na maarifa ya bibi yenyewe ni mali. Ukichukua mursik ya kijiji fulani ukapata bakteria mwenye faida ya kibiashara, kijiji hicho kina haki ya kujua na kufaidika. Omba ruhusa kabla, si baada ya kupata wafadhili.

Wewe ufanye nini?

Kama uko chuoni, si lazima usubiri mtaala ubadilishwe. Wiki hii, tafuta wenzako wanne. Chagueni swali moja dogo ambalo hakuna kati yenu mwenye jibu lake na ambalo linaweza kupimwa kwa vifaa vilivyopo. Liandikeni kwenye ukurasa mmoja: swali, sampuli, hatua, chupa tupu itakuwa ipi. Nendeni nalo kwa mhadhiri au kwa fundi wa maabara, na nendeni kwa heshima. Fundi wa maabara hasa. Huyo ndiye anayejua ni jokofu lipi linafanya kazi.

Akikataa, muulizeni ni sehemu gani ya swali lenu haiwezekani, kisha mlipunguze. Akikubali, nunueni daftari ngumu, mwandike kwa kalamu, na msifute kitu. Mkikosea, pigeni mstari mmoja katikati ili aliyekosea na alichokosea vionekane.

Kama wewe ni mhadhiri na umefika hadi hapa, asante. Si lazima ubadilishe kozi nzima. Toa praktikali moja kati ya kumi, weka moja isiyo na jibu. Waambie wanafunzi siku ya kwanza, bila kuona haya, maneno matatu ambayo wengi wao hawajawahi kuyasikia kutoka mbele ya darasa: "Hata mimi sijui."

Halafu uone ni wangapi watachelewa kutoka maabara siku hiyo.